Sufuria, deli na ndoo: ununue nini kwanza ili upike bia ya kimea nyumbani

Anayetaka kupika bia kwa kimea cha shayiri kilichoparazwa anahitaji vyombo vitatu: cha kulowekea kimea katika maji ya moto, cha kuchemshia na cha kuchachushia. Wengi hutafuta malighafi moja ya vyombo iliyo bora kwa kazi zote tatu, na hapo ndipo fedha zinapopotea.

Kwa kuchemshia, nafasi ya kwanza naipa sufuria nene ya alumini, ingawa najua wapo watakaonibishia. Bia ya lita 20 inataka sufuria ya lita 30 au zaidi, kwa sababu povu hupanda ghafla maji ya kimea yanapoanza kuchemka, na kwa ukubwa huo alumini huwa nafuu zaidi. Tena hupitisha joto zaidi ya mara kumi kuliko stenlesi, kwa hiyo moto wa mkaa husambaa kwenye kitako chote badala ya kuunguza sukari ya kimea mahali pamoja. Sufuria mpya ichemshiwe maji matupu kwa nusu saa hadi ndani ifanye ukijivu, kwani utando huo ndio kinga yake. Mimi niliyelelewa kuamini kwamba sufuria isiyong'aa ni aibu ya nyumba niliusugua wote kwa waya, nikalazimika kuanza upya.

Stenlesi ni ya pili kwa sababu ya bei na kupitisha joto kidogo. Inavumilia magadi makali ya kuoshea ambayo yangeila alumini, na hudumu miaka mingi, ila chagua yenye kitako kinene. Nenda dukani na sumaku: stenlesi yenye kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 8 kwa kawaida hainaswi, au hunaswa kidogo sana kwenye mikunjo. Usiioshe kwa dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, kwani huitoboa vitundu vidogo. Shaba nyekundu ni nzuri lakini ghali mno kwa anayeanza. Ndoo za bati zenye zinki usizinunue kabisa, kwa kuwa bia ina asidi na zinki huyeyukia ndani yake.

Kulowekea kimea hakuhitaji chuma. Deli la plastiki lenye kuta nene, lile lile la kuhifadhia barafu, hutunza nyuzi joto 65 hadi 68 kwa saa nzima bila moto wowote, jambo ambalo sufuria haiwezi. Kagua utando wa ndani, kwa maana ulio mwembamba hujikunja ukimiminiwa maji ya moto.

Kwa kuchachushia, ndoo mpya ya plastiki ya chakula yenye mfuniko inatosha. Tafuta alama ya pembetatu yenye namba 2 au 5 kwenye kitako. Ndoo iliyowahi kubeba rangi au dawa isiingie nyumbani, hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa. Ndoo ya kuchachushia ioshwe kwa kitambaa laini, kwa sababu mikwaruzo huficha vijidudu vinavyochachua bia kuwa siki, na ikishakwaruzika ihamishiwe kwenye kazi ya kutekea maji.

Kwa koki ya kufunga kwenye vyombo hivi usibane matumizi. Nunua ya stenlesi inayofunguka vipande vyote, uichomoe na kuiosha kila baada ya mpiko, kwani mabaki ya kimea hukwama ndani ya koki mahali ambapo brashi haifiki.