TAHADHARI: Manifoldi ya turbodizeli inayouzwa kama mpya, kumbe ni kuukuu iliyozibwa ufa

Wakuu, mwenye gari ya zamani ya turbodizeli asome hii kabla hajatuma hela kwa mtu. Kuna muuza spea mtandaoni anauza manifoldi za ekzosi (chuma kinachokusanya moshi wa injini na kuupeleka kwenye turbo) na kuapa kuwa ni mpya, hazijawahi kufungwa. Si kweli. Ni zile zilizopasuka kwenye magari mengine: ufa unajazwa gundi ya chuma, unapigwa msasa, kisha inapuliziwa rangi ya fedha mpaka ing'ae. Niliuziwa moja kwa bei ya kitu kipya, ikaja kwenye boksi lenye nembo.

Dalili za gari yenye manifoldi iliyopasuka wengi mnazijua. Ikiwashwa asubuhi injini inatoa mlio wa tik-tik-tik unaoongezeka ukikanyaga mafuta, ikipata moto mlio unapungua kwa sababu chuma kinatanuka na kuubana mwanya. Masizi yametapakaa pembeni ya gasketi (kile kizibo chembamba kati ya manifoldi na injini), harufu ya moshi inaingia ndani, na mlimani gari haina nguvu, maana moshi uliotakiwa kuzungusha turbo, ile feni inayosukuma hewa zaidi kwenye injini, unavujia njiani. Fundi aliweka gasketi mpya, akasafisha uso wa silinda hedi, akakaza nati kuanzia katikati kwenda pembeni. Kazi yake haikuwa na kasoro.

Haikuchukua muda mlio ukarudi. Tulipoifungua tena, rangi ilikuwa imebabuka katikati ya matundu mawili ya moshi, na chini yake gundi imeungua ikawa unga unaotoka kwa kucha tu. Ufa wenyewe unapitisha wembe.

Gundi nyingi za epoksi zinashindwa zikifika nyuzi joto 300 hivi. Turbodizeli inayovuta mzigo inaweza kutoa moshi wa nyuzi 700 na zaidi kabla haujafika kwenye turbo. Kwa hiyo hata siku anaipaka ile gundi muuzaji alijua haitadumu. Na msidanganywe na neno "imechomelewa" pia. Manifoldi hizi ni za chuma cha kumimina, nacho kinataka kipashwe moto chote kwanza, kichomelewe kwa vijiti vyenye nikeli, kisha kipozwe polepole. Bila hivyo kinapasuka tena pembeni ya kovu.

Kilichoniuma zaidi ni majibu yake. Nilipomtumia picha aliniambia manifoldi haina tatizo, turbo yangu ndiyo imekufa, na anayo ya kuniuzia. Turbo tulishaikagua: shafti haisogei mbele na nyuma, feni haigusi ukuta, hakuna mafuta yanayomwagika kwenye mpira wa hewa. Nilipomwambia hivyo akanizuia nisimpate tena. Mtu mwenye haraka ya kurudi kazini angenunua na hiyo turbo, na gari ingeendelea kuvuja palepale.

Ukitaka kununua, achana na nje inayong'aa, chungulia ndani ya matundu. Mpya ndani ni safi. Iliyotumika ina weusi wa masizi au kutu yenye vishimo, na hilo huwa wanasahau kulificha. Angalia kuzunguka matundu ya bolti kama kuna alama za washa (pete ya chuma inayokaa chini ya nati), na uso unaokaa kwenye gasketi kama bado una mistari ya mashine. Sumaku haitoshi kukuhakikishia, kwa sababu baadhi ya gundi zina unga wa chuma. Kwangua rangi kwa ncha ya kisu katikati ya matundu, ndipo penye kupasuka sana. Kisha paka mafuta ya taa, subiri kidogo, futa pakauke kabisa, nyunyiza unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yanarudi juu na kuchora mstari kwenye chaki. Muuzaji akikataa usikwangue hata kidogo, mwachie spea yake.

Mliokwisha kuuziwa, msiisafishe kabla ya kupiga picha za ufa, na mtunze boksi na meseji za malipo. Kama moshi unaingia ndani ya gari, isimamisheni mpaka itengenezwe. Kaboni monoksidi haina harufu, na watoto wakilala siti ya nyuma hutajua wameanza kuzidiwa.

Picha za ile yangu ninazo, za kabla na baada ya kukwangua. Anayetaka kulinganisha na yake aniambie nimtumie.