Laptopu nyepesi ya mtumba kwa ajili ya masomo: ipi uichukue, ipi uiache kwa muuzaji

Kama unatafuta laptopu ya shule au chuo na hela yenyewe ni ya mawazo, usikimbilie zile mpya za bei chee zenye Celeron (prosesa, yaani ubongo wa mashine, ya daraja la chini ya Intel), RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) 4GB na hifadhi ya eMMC, ile ya polepole, ya 64GB. Mpya kweli, inanukia boksi, ila fungua Zoom na Word na tabu kumi za Chrome kwa pamoja uone itakavyokukodolea macho. Na hiyo 64GB ndio kima cha chini Windows 11 inachotaka, kwa hiyo sasisho mbili tatu tu nafasi imekwisha. Hela hiyo hiyo mara nyingi inakupatia mashine ya ofisi iliyokarabatiwa, zile makampuni yanazitumia miaka mitatu minne halafu yanazitoa kwa mkupuo, ganda gumu, kibodi ya maana, uzito kilo 1.1 mpaka 1.4 hivi, begani huisikii.

Kabla sijataja majina, angalia kizazi cha prosesa, achana na stika ya i5 au i7. Muuzaji atakwambia "bosi hii ni i7 hii" na bei inapanda hapo hapo, kumbe ni i7-6600U yenye koa 2 tu (koa ni vichwa vya kufanyia kazi ndani ya prosesa), wakati i5-8250U anayoiita ya kawaida ina koa 4. Kwenye hizi laptopu nyembamba Intel walitoka koa 2 wakaingia 4 na kizazi cha 8, mwaka 2017, na tofauti unaiona kwa macho ukiwa na video inacheza huku unaandika. Kusoma namba ni rahisi, ile tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndio kizazi, na namba ikiwa na tarakimu tano soma mbili za kwanza: i5-7300U ni cha 7, i5-8350U cha 8, i5-10210U cha 10. Halafu kuna hili la Windows, Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi kwa Intel inaanzia kizazi cha 8. Ndio, inaweza kulazimishwa kwenye cha 6 na 7, wauzaji wengi wanafanya hivyo na hawakwambii, ila zile sasisho kubwa za mwaka hazitakuja zenyewe, utakuwa unahangaika nazo wewe.

Namba moja kwangu ni HP EliteBook 830 G5. Kioo inchi 13.3, kilo 1.3 na ushee, na kilichoipa ushindi ni nafasi mbili za RAM, yaani unaichukua na 8GB leo, ukipata hela mbele ya safari unachomeka nyingine 8 pembeni yake. Inachaji kwa USB-C pia. Ila uliza kama kioo chake ni Sure View, kile cha kuzuia jirani asichungulie, maana hata kikiwa kimezimwa mimi naona hakina raha ya kukitazama kutwa nzima.

Namba mbili Dell Latitude 7390. Ndugu yake 7290 ni ya inchi 12.5, lakini nyingi zina kioo cha nukta 1366x768, ukifungua PDF huku na Word kule unabaki unakuza na kupunguza mpaka unachoka. 7390 ya 1920x1080 ndio ya kuchukua. Kaa ukijua nafasi ya RAM ni moja, kuongeza ni kutoa iliyopo na kuweka kubwa.

Namba tatu Lenovo ThinkPad X280, kilo 1.1 na kidogo, na kwa mtu wa kuandika insha na ripoti ndefu kibodi yake haina mpinzani hapa. Tatizo RAM imechomelewa kwenye bodi, kwa hiyo uliyonunua nayo ndio utakayokufa nayo. Ya 4GB acha hata kama anakupa na begi bure.

Namba nne ThinkPad X270 na X260, hizi kama bajeti imebana kweli. Ni kizazi cha 6 na 7, ziwekee Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, zitakutumikia vizuri tu. Utamu wake ni betri mbili, moja ndani na moja ya nyuma unaichomoa na kuweka nyingine bila kuzima mashine.

MacBook Air ya 2017? Watu wanapenda lile tunda tu. RAM imechomelewa, kioo 1440x900, na macOS yake rasmi inaishia Monterey. Ukitaka Mac subiri ufikie yenye M1, chipu ya Apple wenyewe, ya 2020, hiyo ndio mashine. Chromebook, laptopu inayotumia ChromeOS ya Google badala ya Windows, ichukue tu kama kazi zako zote ziko kwenye kivinjari, na kabla hujalipa ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu ChromeOS, uone tarehe ya mwisho wa sasisho, zipo zinazouzwa tarehe ilishapita zamani.

Sasa ukiwa na mashine mkononi usione aibu kuikagua, muuzaji anayekuharakisha ana lake. Fungua Command Prompt andika powercfg /batteryreport, faili linalotoka lifungue, linganisha Design Capacity (uwezo wa betri ikiwa mpya) na Full Charge Capacity (uwezo wake sasa). Ya kwanza ikisema 50,000 mWh na ya pili 30,000, betri imebaki asilimia 60, hapo dai punguzo au betri nyingine. Kisha iwashe upya na uingie BIOS, mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, kwa kubonyeza F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad. Ikidai paswedi irudishe, hasa ThinkPad, ile haitoki kwa kuchomoa betri. Na mwambie aifute Windows yote aanze upya mbele yako ikiwa kwenye intaneti, kama jina la kampuni fulani litatokea likikukaribisha uingie na akaunti ya kazi, basi mashine bado iko kwenye orodha yao na siku yoyote inaweza kukufungia.

Kibodi bonyeza kila kitufe, vingine ni vya Kifaransa au Kijerumani vimebandikwa stika juu na stika zinatoka. Chaja nayo, hasa kwa Dell, ile ya pini ikiwa feki mashine inakuletea ujumbe kwamba haijaitambua, betri haichaji na prosesa inajipunguza kasi, utadhani laptopu ni mbovu. Mwambie akupe ya USB-C ya 65W yaishe.