Dawa ya upara sina ugomvi nayo, ugomvi wangu na aliyeniuzia

Nina miaka 27 na utosi wangu ulianza kuonekana nikiwa bado chuo. Makonda wananiita mzee, vijana wa rika langu wananiamkia shikamoo. Nayasema haya mapema mjue kwamba sikwenda dukani kutafuta urembo.

Duka lenyewe ni la dawa, lipo Kariakoo, jina silitaji. Niliomba minoksidili ya asilimia 5, dawa ya kupaka ya kuotesha nywele. Kijana wa kaunta akanipa chupa peke yake, haina boksi wala karatasi ya maelezo. "Paka asubuhi na usiku, bro, wiki mbili tu utaanza kutafuta chanuo." Nikatoa 40,000 hata punguzo sikuomba, kwa hamu niliyokuwa nayo.

Wiki ya tatu nywele zikaanza kupukutika. Si mbili tatu. Kwenye mto, kwenye beseni, kwenye kola ya shati. Nilikaa kitandani nimezishika kiganjani nikajua nimejimaliza kwa hela yangu mwenyewe.

Nikarudi. Duka limejaa, mbele yangu mama mmoja amebeba mtoto mwenye homa. Nikamweleza yule kijana kwa sauti ya chini kabisa. Yeye akapaza yake: "Kumbe zimeisha zote? Hebu vua kofia tuone!" Akamwita na mwenzake aliyekuwa stoo. Watu wote wakageuka. Sikuvua. Akamalizia: "Mzee, hicho si cha dawa tena, nyoa upumzike." Mtu tunayelingana umri! Yule mama ndiye aliyemkanya: "Mwanangu, mteja hajibiwi hivyo." Mungu ambariki popote alipo.

Chupa niliitupa jalalani siku ile ile, dawa imejaa zaidi ya nusu.

Miezi ikapita, nikaenda kwa daktari wa ngozi. Akaniuliza kwa nini niliacha. Nilipomweleza akasikitika. Kumbe kupukutika kule kwa wiki za mwanzo ni jambo la kawaida, nywele zilizochoka zinapisha zinazoota. Unatakiwa uvumilie miezi 4 hadi 6 ndipo upime, na ukiacha kupaka, ulichokipata kinaondoka. Maneno hayo yangechukua nusu dakika pale kaunta. Nusu dakika! Nafasi ya kucheka aliipata, ya kunieleza akaikosa.

Chupa ya pili nilinunua kwingine, ndani ya boksi lake. Dada wa pale aliniuliza kwanza kama nina presha au tatizo la moyo, maana dawa hii ilianza kama kidonge cha presha, ikaonekana wanaoimeza wanaota nywele. Hivyo ndivyo mteja anavyohudumiwa. Sasa nina mwezi wa sita, utosini zimetoka nywele laini na kinyozi wangu ameziona kabla sijamwambia. Mbele, kwenye pembe za paji, bado hakuna kitu.

Nilikaa hapa niandike nyota moja, nikaona naionea dawa. Nikasema nne. Lakini kupaka mara mbili kila siku, bila mwisho, na bei ile, hapana, tatu zinatosha. Duka lile halipati hata moja. Na hela wala sizidai tena. Nataka yule kijana aniombe radhi mbele za watu, kama alivyonifedhehesha mbele za watu.