Mche wa zabibu nyeupe Thompson Seedless, nyota nne
Kwa anayetaka zabibu nyeupe za bustanini kwake, huu mche mi naupa nyota nne kati ya tano. Zabibu zake hazina mbegu, ganda jembamba, tamu balaa, na ndo hizihizi wanazokausha kuwa zabibu kavu. Mche mmoja unatosha, unajichavusha wenyewe. Kazi iko kwenye kupogoa jamani, hapo ndo wengi wanafeli: matunda yanatoka kwenye vichipukizi vipya vinavyoota juu ya tawi la mwaka jana, halafu kwa aina hii macho (vile vinundu vya tawi panapochipukia) ya karibu na shina hayazai vizuri, sasa wewe kata fupifupi ubakize macho mawili uone, utavuna majani mpaka uchoke! Acha tawi refu lenye macho kama 10 hadi 15 ulifunge kwenye waya. Nyota moja nimeikata sababu ya ukungu, ule unaokaa kwenye majani kama unga, hewa isipopita vizuri unarudi tu, so punguza majani mapema, ikibidi piga dawa ya salfa. Na usivune zikiwa kijani kabisa, subiri zianze unjano uonje kwanza, maana zikishakatwa haziivi tena.