Mguu Badala ya Kiatu: Uzoefu Wangu na Riwaya za The Lunar Chronicles

Binti wa dada yangu, aliye kidato cha pili, ndiye aliyeniomba nimtafutie kitabu cha kwanza cha mfululizo wa The Lunar Chronicles, ulioandikwa na Marissa Meyer wa Marekani, nami, kama ilivyo desturi yangu kwa kila kitabu ninachomnunulia, nikaamua kukisoma kwanza kabla ya kumkabidhi. Nilidhani ningekimaliza kwa wiki moja na kuendelea na shughuli zangu. Nilijikuta nimevifuata vitabu vyote vinne, yaani Cinder cha mwaka 2012, Scarlet cha 2013, Cress cha 2014 na Winter cha 2015, na kwa miezi mitano nyumba yetu ilikuwa na mazungumzo hayo tu wakati wa chakula cha jioni.

Kila kitabu kimejengwa juu ya ngano moja ya kale ya Ulaya. Cha kwanza kinamchukua Cinderella, cha pili msichana mwenye joho jekundu aliyekutana na mbwamwitu msituni, cha tatu Rapunzel aliyefungiwa mnarani, na cha nne Snow White. Mandhari, hata hivyo, si ya misitu na majumba ya wafalme wa zamani bali ni ya dunia ijayo, yenye roboti, vyombo vya angani na tauni isiyo na dawa, na Mwezini kuna taifa la watu wenye uwezo wa kuzitawala akili za wengine, ambalo malkia wake, Levana, anainyemelea Dunia.

Nimesoma riwaya kadhaa za aina hii, na nyingi zimenichosha kwa sababu moja: mwandishi hubadilisha mavazi ya ngano na kuiacha ngano yenyewe ilivyokuwa. Cinder imenishika kwa sababu Meyer ameuliza swali kuhusu kitu ambacho sisi sote tumekipita bila kukitazama. Katika masimulizi ya Charles Perrault wa Ufaransa, ya mwaka 1697, msichana anapoteza kiatu cha kioo; katika yale ya ndugu Grimm wa Ujerumani, yaliyochapishwa mwaka 1812, kiatu ni cha dhahabu, na dada wa kambo wanaukata mguu, mmoja kidole na mwingine kisigino, ili kiwaenee. Nyuma yao kuna ngano ya Kichina ya Ye Xian, iliyoandikwa katika karne ya 9, ambayo nayo inageuka juu ya kiatu kidogo mno kwa mguu wa mtu mwingine. Karne zote hizo habari ilikuwa ni ya mguu, na sisi tulikuwa tunaangalia kiatu.

Meyer ameuangalia mguu. Cinder wake ni saiborgi, yaani binadamu ambaye baadhi ya viungo vyake ni vya chuma na waya, naye ni fundi wa mitambo katika soko la New Beijing. Tunapokutana naye ukurasa wa kwanza anaufungua mguu wake wa chuma kwa bisibisi, kwa kuwa ni ule aliowekewa alipokuwa mtoto na sasa umekuwa mdogo. Mwana wa mfalme anafika kibandani kwake akiwa na roboti mbovu wakati msichana huyu hana mguu na hawezi kusimama sawasawa kumwamkia. Na usiku wa dansi ikulu, mama wa kambo akiwa amekwisha kumnyang'anya mguu mpya, anakwenda na ule wa zamani usiomtosha, na ndio unaochomoka ngazini anapokimbia. Nilikifunga kitabu hapo kwa muda, nikakaa tu. Yule anayeuokota mguu ule hapati kumbukumbu ya mrembo aliyetoweka. Anatambua kwamba msichana aliyempenda ni wa kundi ambalo watu wake wanalidharau.

Dharau hiyo ndiyo iliyonifanya niichukue riwaya hii kwa uzito. Kisheria Cinder ni mali ya mama yake wa kambo, na masaiborgi huchukuliwa kwa bahati nasibu kwenda kujaribiwa dawa za tauni, kwa hoja kwamba uhai wao si uhai kamili. Katika ngano ya kale tunaambiwa tu kwamba mama wa kambo alikuwa mkatili. Hapa ukatili wake una sheria inayoulinda na jamii inayouona kuwa wa kawaida, na kwa msomaji wa miaka 14 hilo ni jambo la kulifikiria kwa muda mrefu.

Malkia Levana naye ameundwa kwa akili. Malkia wa Snow White hukipenda kioo na kukiuliza kila siku. Huyu anavichukia vioo, kwa kuwa sura yake ya kupendeza ni mazingaombwe anayoyatia katika akili za watu, na kioo hakina akili ya kudanganywa. Jambo moja dogo limegeuzwa, na uovu wote wa malkia umepata chanzo kinachoeleweka.

Scarlet hakikunipendeza sana. Sehemu za shamba la kusini mwa Ufaransa, ambako mjukuu anamtafuta bibi yake aliyetoweka, ni nzuri, lakini sura zinaruka baina yake na Cinder aliye safarini kutoroka gerezani, na mara mbili nilijikuta nasoma haraka ili nirudi upande niliouacha. Binti yangu anapinga maoni haya kwa nguvu zote, kwani kwake yeye kijana aitwaye Wolf, ambaye huwezi kujua kama ni mlinzi au ni hatari, ndiye mhusika bora wa mfululizo mzima.

Cress, kwa maoni yangu, ndicho kilele. Mnara wa Rapunzel umekuwa setilaiti, ambamo msichana mwenye ujuzi mkubwa wa kompyuta amefungiwa peke yake kwa miaka saba, nywele zikikua bila mkasi. Wengi wanaomjua Rapunzel kwa michoro ya watoto tu hawajui kwamba katika simulizi ya Grimm kijana anaanguka kutoka mnarani na kupofushwa na miiba, na kwamba wawili hao wanakutana tena nyikani baada ya dhiki nyingi. Meyer hakuiacha sehemu hiyo. Setilaiti inaanguka katika jangwa la Sahara, nahodha Thorne, ambaye jina lake lenyewe linaukumbusha mwiba, anapoteza uwezo wa kuona, na msichana ambaye hajawahi kuikanyaga ardhi ya Dunia analazimika kuwa macho yake mchangani. Aliyetumwa kuokoa anaokolewa, na kwa kurasa nyingi hakuna ila kiu, jua, na watu wawili wanaojifunza kuaminiana. Ningekuwa na ruhusa ya kukihifadhi kimoja tu kati ya vinne, kingekuwa hiki.

Winter kina zaidi ya kurasa 800, na uzito wake unasikika. Binti mfalme Winter, ambaye amekataa kuutumia uwezo wake wa kutawala akili za wengine ijapokuwa kukataa huko kunaivuruga akili yake mwenyewe, ni mhusika wa kusikitisha na wa kuheshimika, ila mapambano na mipango ya vita ni mingi kiasi kwamba hapati nafasi aliyostahili. Mwisho sitausema. Nitasema tu kwamba siri kuu ya Cinder, iliyo nguzo ya mfululizo mzima, niliing'amua mapema mno katika kitabu cha kwanza, na haikunipunguzia raha.

Kwa atakayetaka kuvinunua, vyote viko kwa Kiingereza, chenye maneno kadhaa aliyoyabuni mwandishi mwenyewe. Mwanafunzi wa kidato cha pili anayesoma kwa mazoea ataweza, na kwa mwenye kuanza itafaa awe na mtu wa kumuuliza. Visomwe kwa mpangilio wake, kwa sababu kila kimoja kinaanzia pale kilipoishia kilichotangulia. Sisi tulivipata kwa muuzaji wa vitabu vilivyotumika, na cha tatu kilifika kurasa zake za katikati zikiwa zimeachia gundi, ingawa tulihakikishiwa kwamba ni kizima. Ni vyema kuvipekua kabla ya kulipa.

Tulipomaliza, nilimtolea binti yangu kisa cha Sultani Darai, kilichomo katika ngano za Unguja alizozichapisha Edward Steere mwaka 1870, ambacho mimi nilikisikia utotoni kabla sijakiona kitabuni. Maskini anayechakura punje za mtama jaani anamnunua paa, na paa huyo anayesema kama mtu anampatia bwana wake jina, mke aliye binti wa sultani, na jumba la nyoka mwenye vichwa saba. Kisha paa anaugua, na bwana wake anaamuru apewe uji wa mtama tu, ingawa mke anamsihi. Paa anakufa. Darai anaota yuko jaani tena, na anapoamka ni kweli yuko jaani. Mke naye anaota yuko kwa baba yake, na anapoamka yuko kwa baba yake.

Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Mama mdogo, yule mke alipoamka kwao, alikuwa anamkumbuka paa?" Nilimwambia kwamba kisa hakisemi. Tangu siku ile ameanza kuandika katika daftari lake la mazoezi, na sentensi ya kwanza, aliyonisomea jana, inaanzia chumbani kwa binti sultani, asubuhi, mikono yake ikiwa bado inanuka uji wa mtama.