Scratch kwa mtoto wa darasa la nne, tumeijaribu mwezi mzima hapa Moshi

Jamani mwenye mtoto anayeshinda kwenye gemu asikie hii. Kuna kituo kimoja mjini walitaka hela ya maana kumfundisha binti yangu koding, yaani kuipa kompyuta maagizo, kumbe kinachofundishwa ni Scratch, programu ya watoto iliyotengenezwa chuo cha MIT kule Marekani, ipo tangu 2007 na ni bure kabisa! Nimeidaunlodi kwenye laptopu yetu kuukuu, bando likiisha anaendelea tu. Na Kiswahili kipo, unabadilisha lugha mwenyewe.

Kodi, yaani hayo maagizo, haandiki kwa mkono, anapachika vipande vya rangi kwenye skrini kama vitu vya kuchezea. Siku ya kwanza kaweka paka wa kwenye skrini atembee hatua 10 bila kukoma, akifika pembeni ageuke, basi paka karudi miguu juu kichwa chini, tulicheka mpaka bibi yake akaja kuangalia kuna nini. Nikataka kumsaidia akanikatalia, kahangaika kama nusu saa hivi mpaka kagundua kuna sehemu ya kumwambia ageuke kushoto kulia tu.

Ubaya wake sasa, kuna siku anamaliza jioni nzima anampaka paka rangi na vipande vya kodi hagusi. Na kwenye simu ndogo msihangaike, tafuteni kompyuta.