Saa za marubani ni kali ila bei jamani
Nimeazima Bell & Ross BR 01 ya mshkaji wiki nzima, ile ya mraba iliyotoka 2005, aisee ni kama wameng'oa geji kwenye dashibodi ya ndege wakaifunga mkanda. Namba kubwa, gizani inawaka fresh, skrubu nne kwenye kona. Shida milimita 46, kwenye mkono wangu mwembamba inakaa kama sahani na kifungo cha shati hakifungi. Na bei sasa, ndani ni mashine ya otomatiki ya kawaida tu, hapo unalipia sura. Mi nikizipata naenda kwa Breitling Navitimer, angalau ile pete yake ya kupigia hesabu toka 1952 ina kazi, japo sirushi hata tiara.